Kisiki Kwanza, Mashine Baadaye

Mnunuzi wa mbao hulipia gogo, kisiki humwachia mwenye shamba. Ndivyo biashara ya miti inavyokwenda katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Manyatta na Runyenjes kule Embu hadi Imenti na Igembe kule Meru, na visiki vimezidi kuongezeka. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wenye viwanda vya mbao waligeukia miti iliyopandwa na wananchi: migrevilea ya mipakani, ambayo wenyeji huiita mukima, misaipresi ya kando ya boma, mikaratusi ya mabondeni. Marufuku hiyo ilipoondolewa Julai 2023, mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kubadilika sura. Kabla ya hapo, mwaka 2009, aliyekuwa waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito na chemchemi iondolewe. Wakulima nao, kwa hiari yao, wamekuwa wakifyeka miti ya zamani ili kupanda makadamia na parachichi. Kila badiliko kati ya hayo limeacha visiki ardhini, na pale penye visiki vingi hatimaye hutokea mtu wa kuuliza kama isingekuwa vyema kununua mashine ya kuvisaga.

Mashine ya kusaga visiki inayoendeshwa na trekta si chombo kigumu kukielewa. Fremu hufungwa nyuma ya trekta, na kwenye fremu hiyo kuna gurudumu zito la chuma lililopachikwa meno ya kabaidi. Gurudumu huzungushwa na shafti ya PTO, ile inayoleta nguvu za injini nyuma ya trekta, na mkono wa haidroliki hulisogeza kushoto na kulia juu ya kisiki huku likikikwangua kidogo kidogo mpaka kiwe vumbi na vipande. Kisiki haking'oki. Husagwa palepale kilipo, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30 chini ya uso wa ardhi, na mizizi yote iliyo chini na pembeni hubaki mahali pake. Jambo hilo moja, kwamba mizizi hubaki, ndilo linaloamua kila kitu kingine, na ndilo ambalo mnunuzi husahau anapotazama jinsi kisiki kinavyotoweka mbele ya macho yake. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi wa mashine hii hauna budi kuanzia kwenye kisiki, kisha uende kwenye ardhi, kisha kwenye trekta, na mashine yenyewe iwe ya mwisho. Anayefuata mpangilio huo atagundua kwamba visiki vingi vya Meru na Embu havifai kusagwa hata kidogo. Vinavyofaa kweli vimetawanyika, shamba hili viwili, shamba lile vitano, kiasi kwamba mkulima mmoja mmoja hana sababu ya kuinunua.

Tuanze na mkaratusi, kwa kuwa ndio mti unaolalamikiwa zaidi. Mkaratusi uliokatwa vizuri huchipua tena, na kisiki kimoja kinaweza kutoa mavuno mengine mawili au matatu ya kuni na nguzo bila kupandwa upya, kwa kuwa mizizi yake iko tayari ardhini. Viwanda vya chai vya ukanda huu, kama Mungania na Rukuriri kule Embu au Imenti, Githongo na Kionyo kule Meru, hutumia kuni kuendesha mitambo ya mvuke inayonyausha na kukausha majani. Kwa hiyo kisiki cha mkaratusi kilicho mahali panapofaa ni mtaji. Mwenye shamba anayekisaga kwa sababu tu hapendi kukiona analipa pesa ili aharibu mali yake. La maana zaidi kwake ni kupunguza machipukizi hadi yabaki mawili au matatu yenye afya, ayaache yakue. Kama kweli ameamua kuachana na mikaratusi, kusaga ni njia moja, lakini si ya lazima: machipukizi yakikatwa kila yanapotokeza, kisiki huishiwa nguvu na hatimaye hufa. Kazi hiyo inataka panga na uvumilivu wa misimu kadhaa.

Kando ya mto hali ni nyingine, na jibu ni jepesi zaidi: mashine isiende huko. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliutenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto kuwa ardhi isiyolimwa wala kujengwa, na yeyote anayeijua mito ya Rupingazi, Thuci au Kathita anajua jinsi kingo zake zilivyo na mwinamo mkali. Mkaratusi ulioondolewa hapo uliondolewa kwa ajili ya maji. Mizizi iliyobaki sasa inashika udongo wakati miti ya kienyeji inapopandwa na kuanza kushika nafasi yake. Kupeleka trekta pale ni kukanyaga udongo mlaini, kuulegeza na kuukabidhi mto. Hali ni hiyohiyo katika mashamba yenye mteremko mkali. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na zilitungwa na watu waliokuwa wanafikiria jembe la mkono na ng'ombe. Trekta iliyobeba nyuma yake chuma cha mamia ya kilo, ikisimama kwa kukingama na mteremko huku gurudumu zito likizunguka, inaweza kubiringika kwenye mwinamo ulio chini sana ya huo. Katika ukanda wa chai, ambako migongo ya ardhi inashuka bondeni kwa ghafla, hoja ya mteremko peke yake inafuta sehemu kubwa ya visiki kwenye hesabu.

Ukanda wa chai una hoja nyingine pia, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Kuna kuvu inayoitwa Armillaria, inayoishi kwenye mizizi ya miti ya msitu na mingi ya kupandwa, na ambayo huendelea kukila kisiki kwa miaka mingi baada ya mti kukatwa. Mizizi ya chai inapogusana na mizizi iliyoshikwa, kuvu huhama. Mkulima huona majani ya mche mmoja yakigeuka manjano, mche unakauka, kisha jirani yake, na duara la vifo linapanuka kuanzia pale kisiki kilipokuwa. Ukikwangua gome la mche unaokufa pale shina linapoingia udongoni, utakuta kati ya gome na mti tabaka jeupe lenye harufu ya uyoga, na mara nyingi shina lenyewe limepasuka kwa urefu. Sasa fikiria mashine ya kusaga imefanya nini hapo. Imeondoa kichwa cha kisiki, ambacho ndicho kilichokuwa kikionekana, na kuiacha mizizi minene, ambayo ndiyo hifadhi ya chakula cha kuvu, ikiwa imefukiwa chini ya udongo laini unaoonekana tayari kwa kupandwa. Mbaya zaidi, imefuta alama. Baada ya miaka minne chai ikianza kufa, hakuna atakayejua kwa hakika pa kuchimba.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana tangu miaka ya 1930, pale mtaalamu wa magonjwa ya mimea R. Leach, akifanya kazi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alipoonyesha umuhimu wa kuumenya mti gome kuzunguka shina ukiwa ungali umesimama. Mti uliomenywa hauwezi tena kushusha chakula kutoka kwenye majani, kwa hiyo mizizi hutumia wanga wake wa akiba mpaka uishe, na kuvu hukosa cha kula. Wakulima waangalifu wa chai hupima jambo hili kwa njia rahisi: hukata kipande cha mzizi na kudondosha tone la ayodini. Mzizi ukigeuka buluu iliyokaribia weusi, wanga bado upo na mti haujawa tayari kukatwa. Ukibaki na rangi ya ayodini yenyewe, wanga umekwisha. Baada ya hapo mti hukatwa, na kisiki huchimbwa pamoja na kila mzizi wenye unene wa penseli au zaidi. Ni kazi ya mkono, ya polepole, na hakuna mashine ya kusaga inayoweza kuifanya. Anayeandaa ardhi kwa ajili ya chai na akaambiwa na mwenye mashine kwamba visiki vyake vitamalizwa siku moja, akatae kwa heshima.

Najua jibu litakalotolewa: kuchimba kisiki kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, na vijana wa leo hawaitaki. Ni kweli. Kisiki cha mkaratusi mkubwa kinaweza kumchukua mtu siku kadhaa kwa sururu, shoka na mtaimbo, na si haki kumwambia kibarua afanye hivyo kwa malipo ya kupalilia. Lakini tusisahau kwamba kisiki kilichochimbwa ni kuni. Mara nyingi mchimbaji na mwenye shamba hupatana kwamba kuni ziwe sehemu ya malipo, na kisiki kinene huwa kuni za jikoni za muda mrefu, au makaa. Kisiki kilichosagwa humwachia mwenye shamba rundo la vumbi na bili. Wanaokimbilia njia za mkato za aina nyingine hawapati nafuu pia. Moto unaowashwa kisikini hutambaa chini kwa chini kwenye mizizi, na wakati wa kiangazi unaweza kuzuka mahali pasipotarajiwa. Oili chafu ya injini haiozeshi mti. Huukinga dhidi ya mchwa na kuharibu udongo ulio karibu. Chumvi huua kisiki pamoja na chochote ambacho ungetaka kupanda baadaye. Kule Mbeere, ambako mchwa ni wengi, kisiki kilichoachwa bila kuguswa huliwa chenyewe, na katika shamba la malisho hakuna sababu ya kuharakisha.

Mshindani halisi wa mashine hii, basi, ni tingatinga la kuchimba, lile ambalo kila mtu huku analiita JCB kwa jina la kampuni moja, na ambalo hukodishwa kwa saa. Katika kiwanja cha kujenga, JCB ndiyo chaguo sahihi, na sababu ni ileile ya mizizi: msingi wa nyumba hautakiwi kukaa juu ya mizizi itakayooza na kuacha mashimo. Katika shamba tupu linalobadilishwa lote kwa mara moja, JCB pia inashinda kwa kasi, ingawa huupindua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, na kuuzika chini ya ule mwekundu usio na kitu. Mashine ya kusaga ina nafasi yake pale ambapo JCB ingeharibu zaidi ya inachotengeneza: kisiki kilicho mita moja kutoka ukuta wa darasa, kisiki kilicho katikati ya uwanja wa michezo wa shule au ua wa kanisa, kisiki kilicho kando ya barabara juu ya mtaro, kisiki kilicho kati ya mistari ya makadamia yaliyokwisha kukua, ambako kuchimba kungeijeruhi mizizi ya miti hai. Nafasi nyingine iko Timau na Buuri, kwenye ardhi tambarare ya ngano na shayiri, ambako safu ya miti ya kukinga upepo ikikatwa visiki vyake huvunja plau na vifaa vya kuvunia. Na kuna mpaka, ambao unahitaji maneno yake peke yake.

Katika mashamba madogo ya Meru na Embu mgrevilea umepandwa zaidi mipakani kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa unavumilia kupogolewa na hausumbui mazao sana. Kwa hiyo visiki vyake vimekaa juu ya mstari unaotenganisha familia mbili. Ardhi yetu nyingi hapa ilisajiliwa kwa mfumo wa mipaka ya jumla, ambapo ramani huonyesha mahali mpaka unapopita kwa kukadiria, na kinachouthibitisha hasa ni ua, miti na mawe yaliyo ardhini. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inafanya kuondoa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini kuwa kosa. Kisiki cha mukima uliopandwa na mababu wawili waliopatana kinaweza kuwa shahidi wa pekee aliyebaki. Kabla ya kukisaga, jirani aitwe, mzee wa kijiji awepo, na alama nyingine ya kudumu iwekwe kwa makubaliano kabla gurudumu halijazunguka. Hayo yasipofanyika, kinachosagwa ni ujirani, na kesi ya mpaka huzidi kwa mbali gharama ya kisiki chochote.

Mpaka una hatari nyingine mbili za kifundi. Ya kwanza ni waya wa miiba na misumari. Miti ya mpakani hugeuzwa nguzo za ua, na kadiri inavyonenepa huumeza waya mpaka usionekane. Dalili yake ni doa la buluu iliyokolea kwenye sehemu iliyokatwa, ambalo hutokea chuma kinapokutana na tanini ya mti. Ukiona doa hilo, simama, tafuta chuma kwa shoka na ukitoe, la sivyo meno yatavunjika na kipande cha waya kitatupwa kwa kasi inayoweza kuua. Ya pili ni bomba la maji. Miradi ya maji ya wananchi, inayoteremsha maji kutoka mlimani kwa nguvu ya mwinamo, imepitisha mabomba ya plastiki kandokando ya mipaka na njia, mengine yakiwa juujuu tu. Mwulize fundi wa mradi kabla ya kusaga. Kijiji kizima hakiwezi kukaa bila maji kwa ajili ya kisiki kimoja.

Sasa trekta. Matangazo ya mashine hizi hutaja nguvu farasi zinazohitajika, na mnunuzi hulinganisha namba hiyo na ile iliyoandikwa kwenye boneti ya trekta yake. Ulinganisho huo unapotosha mara mbili. Massey Ferguson 240, trekta ya kawaida sana nchini, ina nguvu farasi karibu 50 kwenye injini, lakini nguvu zinazofika kwenye PTO ni takriban asilimia 85 ya hizo, yaani kama 42. Kisha kuna mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mji wa Embu uko kwenye mita 1,350 hivi, na hapo zile 42 zimekuwa kama 36. Timau, kwenye mita karibu 2,300, zimekuwa 32 au 33. Mashine iliyoandikiwa nguvu farasi 40 za PTO itafanya kazi kwa kusuasua mlimani, ingawa kwenye karatasi ilionekana kutosha. Kwa trekta ya ukubwa huo chagua mashine iliyokadiriwa nguvu farasi 25 hadi 30. Kwa trekta ya 75, kama New Holland TT75, unaweza kupanda hadi mashine ya 40 au 50. Kosa la upande wa pili lipo pia: trekta yenye nguvu nyingi ikifungwa mashine nyepesi huivunja sanduku la gia pale gurudumu linapokwama. Ndiyo maana shafti iwe na boliti ya kukatika au klachi ya kuteleza, na boliti hiyo ikikatika, ibadilishwe kwa nyingine ya ugumu uleule. Kuweka boliti ngumu zaidi ili isikatike tena ni kuhamishia uharibifu kwenye gia.

Mambo matatu mengine yapimwe trekta ikiwa mbele yako. Kasi ya PTO kwenye matrekta mengi ya huku ni mizunguko 540 kwa dakika, kwenye shafti yenye meno sita, na mashine iliyotengenezwa kwa 1,000 haifai hata kama fundi atakuahidi kukutengenezea kiunganishi. Shafti yenyewe ikatwe kulingana na trekta: ikiwa fupi itachomoka, ikiwa ndefu itagonga ndani mashine inapoinuliwa na kupasua sanduku la gia. La tatu ni haidroliki. Matrekta mengi ya zamani yana jozi moja tu ya matundu ya mafuta, yale yanayotumika kuinua trela, ilhali mashine ya kusaga huhitaji angalau kazi mbili, kusogea pembeni na kwenda mbele. Hapo nunua mashine yenye pampu na tangi lake, hata ikiwa ghali zaidi, mradi vishikizo vyake viwe mbali na gurudumu na nyuma ya kinga. Kuhusu meno nitasema kwa ufupi: uliza meno kabla ya kuuliza bei. Meno ndiyo gharama ya kila siku, na katika Igembe na Tigania, ambako mawe ya volkano ya Nyambene yamejaa mashambani, seti moja inaweza kuharibika kabla ya kumaliza shamba. Muuzaji asiyekuwa na meno ya akiba nchini anakuuzia chuma cha kuegesha.

Kazi yenyewe huanza bila mashine. Kisiki hukatwa kwa msumeno wa injini mpaka kikaribie ardhi, udongo na mawe ya kuzunguka huondolewa kwa jembe, na kisiki kibichi hupewa kipaumbele kwa kuwa mkaratusi uliokauka ni mgumu mno. Trekta husimamishwa pasawa, breki ya mkono ikavutwa na magurudumu yakawekewa vigingi. PTO huunganishwa injini ikiwa taratibu, kisha mwendo huongezwa mpaka alama ya 540. Gurudumu hushushwa kwenye ukingo wa kisiki, likate sentimita chache, lipelekwe kushoto na kulia mpaka tabaka liishe, ndipo lishuke tena. Msagaji mzuri husikiliza injini: sauti ikianza kuzama, anarudisha gurudumu nyuma kidogo na kuliacha lipate kasi yake. Baada ya kila kisiki boliti za meno hukaguliwa na kukazwa, kwa sababu jino moja likilegea huharibu kikalio chake, na gurudumu lote hutetemeka. Kwa nyasi za uwanjani sentimita 15 zinatosha. Kwa shimo la parachichi zinahitajika 30, na bado mche upandwe pembeni kidogo.

Kuhusu usalama sitaki kuwa mpole. Matrekta mengi yanayokodishwa hapa yanafanya kazi bila kinga ya PTO, kwa kuwa ilivunjika zamani na hakuna aliyeirudisha. Shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika inazunguka mara 9 kwa sekunde, na ikishika ncha ya koti, leso au kamba ya kiatu, hakuna mwenye nguvu za kujinasua. Trekta isiyo na kinga isifungwe mashine hii. Watazamaji, na hasa watoto, ambao hukusanyika pasipo kuitwa, wakae mita 25 au zaidi, na asikaribie mtu mpaka gurudumu lisimame kabisa, maana likishakatiwa nguvu huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Kazi ifanywe Januari na Februari, au Agosti na Septemba, kabla ya mvua. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza na kushindiliwa, na trekta huacha madhara yanayodumu kuliko kisiki.

Rundo linalobaki lina thamani, lakini lisichanganywe na udongo wa shimo la kupandia. Vipande vya mti vina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, na vijidudu vinavyovioza huchukua naitrojeni ya udongo, kiasi kwamba mahindi au mche uliopandwa hapo hudumaa na kuwa manjano. Vitumike kama matandazo juu ya udongo, mbali kidogo na shina la mti, au vichanganywe na samadi na kuachwa vioze kwa msimu mmoja au miwili. Vipande vya mkaratusi viwekwe mbali na kitalu cha mboga, kwa kuwa vina kemikali zinazozuia mbegu kuota.

Tufike kwenye pesa. Kisiki cha kipenyo cha sentimita 60 kina eneo mara nne ya kile cha sentimita 30, na kikisagwa kwa kina mara mbili, mti unaoondolewa ni mara nane. Anayetoza bei moja kwa kila kisiki atafilisika au atamwibia mwenye visiki vidogo. Bei ya haki hupangwa kwa kipenyo na kina, na hupandishwa penye mawe. Sasa weka hesabu hiyo kando ya shamba la ekari mbili lenye visiki kumi na viwili, ambavyo vitatu viko kwenye chai, vinne kando ya kijito na viwili ni mikaratusi inayochipua vizuri. Vilivyobaki ni vitatu, kazi ya nusu siku. Hakuna mkopo wa mashine unaolipwa na nusu siku ya kazi. Ndiyo maana mwenye mashine anapaswa kuwa mtu au chama kinachozunguka mashamba mia, shule, makanisa na barabara za kaunti. Vyama vya ushirika wa kahawa vina sifa moja inayovifaa: vinaweza kumhudumia mwanachama leo na kukata malipo kwenye kahawa yake baadaye, jambo ambalo mkandarasi binafsi hawezi.

Wapo watakaosema kwamba mali ya wengi haina mwenyewe, na kwamba mashine za pamoja huishia kuota nyasi nyuma ya ofisi. Pingamizi hili lina nguvu, na silipuuzi. Mashine ya pamoja hufa kwa sababu anayeiendesha hapati chochote zaidi inapofanya kazi na hapotezi chochote inapolala. Fundi wa mshahara akivunja jino huandika barua ya kuomba jingine na kusubiri kamati ikutane. Fundi anayelipwa kwa kila saa ya gurudumu, na anayekatwa gharama ya meno aliyoyavunja kwa uzembe, huondoa mawe kabla ya kuanza na kulikaza jino kabla halijalegea. Chama kinachoweza kuandika mkataba wa aina hiyo na mtu mmoja, chenye trekta yenye kinga ya PTO na orodha ya kazi za kutosha kwa misimu miwili ya kiangazi, kinunue mashine na seti mbili za meno kwa wakati mmoja. Chama kisichoweza kufanya hivyo kikodi, na pesa zilizobaki zimlipe mchimbaji wa mkono ujira unaolingana na kazi yake.